Mzinga wa Sauti Nne

Neno lenyewe niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, nikicheka. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimesimulia habari hii nikilificha katikati, mahali ambapo msikilizaji ameshachoka na hawezi kuliona vizuri.

Mwaka 1990 nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, fundi wa nguo Nyamirambo, mtaa mmoja wa Kigali, na cherehani yangu ilikaa barazani kwa mama, ikitazama barabara. Nilishona sare za shule, kaki kwa wavulana na bluu kwa wasichana. Nyumbani tulisema Kiswahili. Mama alizaliwa Bujumbura, marehemu baba alikuwa dereva wa malori kutoka Bukavu. Walikutana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakanilea kwa Kiswahili. Kwa Kigali ya wakati ule hiyo haikuwa sifa. Ukiitwa Mswahili, maana yake wewe ni mjanja, mtu wa maneno mengi, usiachiwe mkoba wa mtu. Kwenye kwaya ya parokia waliniita hivyo kila siku, na mimi, badala ya kukasirika, niliamua basi niwe Mswahili hasa. Maneno nilikuwa nayo.

Mwalimu wetu wa kwaya alifundisha shule ya msingi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliyewahi kusomea upadre akaacha kabla ya kumaliza. Alikuwa na suruali moja ya heshima. Naijua kwa sababu niliitia viraka mara mbili. Kwaya nyingine mjini zilijifunza nyimbo kwa kusikiliza na kurudia, lakini yeye hakutaka. Alisema anayeimba bila kusoma nota ni kipofu anayeshikwa mkono, na siku mwenye mkono akifa kipofu atabaki barabarani. Kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi alasiri, kabla hatujafungua kinywa, watu wazima ishirini na wawili, wauza mkaa na makarani na mafundi, tulikaa kwenye mabenchi ya ukumbi tukinakili mistari mitano kutoka ubaoni.

Alifundisha kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa na mapadre, na kueleza kwa Kinyarwanda. Mistari mitano ni portée. Nota nyeusi ni noire, nyeupe ni blanche, na nyeupe moja inakula muda wa nyeusi mbili. Kuna alama ya kunyamaza kwa muda wa nota moja nyeusi, nayo huitwa soupir, yaani kushusha pumzi. Alitusisitizia sana kwamba kunyamaza nako kunahesabiwa. Anayenyamaza bila kuhesabu, alisema, huyo amelala tu.

Alitusimulia pia jinsi muziki wa kanisa ulivyokua huko Ulaya, na alisimulia kama mtu anayetaja ukoo wake. Mwanzoni watawa waliimba sauti moja tu, wote pamoja, bila vipimo vya kugawa muda, wimbo ukifuata pumzi ya maneno. Zikapita karne nyingi, mtu akathubutu kuweka sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, zikaenda sambamba. Ikaja moteti, ambamo kila sauti ina maneno yake na zote zinaimba kwa wakati mmoja. Nilimuuliza kama hiyo si soko la Nyamirambo tu, na besi, wanaume wa sauti nzito, wakacheka mpaka wakapoteza mahali walipofikia kunakili. Yeye hakucheka. Akasema tusubiri, bado hatujafika kwenye canon.

Canon aliipenda kuliko zote. Sauti ya kwanza inaanza wimbo peke yake. Baada ya vipimo vinne sauti ya pili inaingia na wimbo uleule, tangu mwanzo. Vinne vingine, ya tatu. Vinne vingine, ya nne. Wote wanaimba kitu kimoja na hakuna anayeimba sawa na mwenzake. Alisema jina lenyewe maana yake ni itegeko, yaani sheria: wa kwanza anaiweka, wengine wanaifuata. Na kwa sababu besi wetu walikuwa wavivu na walikosa kuingia kila mara, aliweka sheria yake mwenyewe juu ya ile ya watawa. Wa kwanza akiona mwenzake hajaingia, asinyamaze wala asigeuke kumtazama. Arudie mwanzo. Arudie mpaka yule mwingine aingie. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza, kwa hiyo nilirudia sana.

Sasa daftari. Nililitia jalada la kaki, kipande kilichobaki kwenye kaptula za shule, nikalishona pembeni kwa mashine, zuri kweli. Jina sikuandika, maana nani mwingine angekuwa na daftari lililoshonwa? Na kando ya kila neno la Mwalimu niliandika maana yake kwa Kiswahili. Nyumbani tulikuwa na kamusi ya Kifaransa iliyokwisha kunyofoka jalada, baba aliiokota safarini, ndiyo niliyoitumia. Kwa blanche niliandika “mzungu wa kike.” Kwa portée, kamusi ilisema ni umbali risasi inapofika, nami nikaandika hivyohivyo. Fugue, ule wimbo mwingine wa kufuatana aliotufundisha, kutoroka. Canon ilikuwa hata na picha ya mzinga wa vita: bomba nene juu ya magurudumu mawili. Nilikuwa nimemsikia Mwalimu akisema ni sheria, masikio yangu yalikuwa mazima. Lakini picha ilinichekesha, nikaandika: “Mzinga wa sauti nne. Wa kwanza anaingia peke yake. Vipimo vinne, wa pili anaingia nyuma yake. Hivyohivyo mpaka wote wanne wamo ndani.” Chini yake: “Kutoroka. Wa kwanza anatoroka, wengine wanamkimbiza.” Mwisho wa Septemba Mwalimu alikusanya madaftari yote ayasahihishe kwa kalamu nyekundu, kama alivyowafanyia watoto wa shule, akayapeleka kwake.

Oktoba vita vikaanza mpakani. Siku chache baadaye risasi zililia hapahapa Kigali, na kulipokucha askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta ibyitso, ndivyo walivyowaita watu waliodhaniwa kumsaidia adui kutoka ndani. Mtu wa kabila la Mwalimu, lililohesabiwa kuwa ndilo la adui, aliyesoma, mwenye vitabu, hakuhitaji kosa jingine. Lakini walipopekua chumba chake walipata madaftari ishirini na mawili, moja likiwa limevaa kaki, na hilo lilikuwa na Kiswahili.

Kwa Kifaransa wangehangaika. Kiswahili askari wengi walikijua, walikipata kambini. Na wale walioshambulia kutoka Uganda, ilisemwa, nao walikisema. Wakamsomea palepale mbele ya mkewe, mzinga na wanne wanaoingia na umbali wa risasi, halafu wakamuuliza ni nani aliyeandika. Mwalimu ambaye Kiswahili chake hakikutosha hata kununua nyanya alijibu kwamba ameandika yeye.

Haya nilielezwa na mke wake mwenyewe. Alikuja barazani siku ya tatu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, kitenge amekifunga vibaya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwaya nzima tulimwogopa kidogo. Alisema mumewe yuko uwanja wa mpira na mamia ya watu wengine, kwamba wanampiga, kwamba kila wanapompiga wanarudi kwenye lile daftari.

“Wewe iko najua Kiswahili,” akasema. “Ile kaye, ile daftari, iko na maneno gani ndani? Wanamupiga juu ya nini?”

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Nikaendelea kuikanyaga, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa, na uzi ulikuwa umeshakatika.

“Sijui, mama,” nikasema. “Yangu mimi iko hapa nyumbani.”

Hakuomba kuiona. Alitazama meza yangu, ambapo kaptula kumi na mbili za kaki zilikuwa zimepangwa zikisubiri vifungo. Alizitazama kwa muda wa kutosha kuzihesabu. Kisha akainuka, akakifunga kitenge chake sawasawa, akaaga vizuri na kwenda zake.

Nilimwambia mama jioni ileile. Mama hakunigombeza. Alisema nifunge mdomo, nikienda kusema watanikamata na mimi, na nani atamlisha yeye. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Walichosahau kusema ni kwamba huenda mdomo ukawa wa huyu na kichwa cha yule. Nilifunga mdomo. Nilijiona mchafu, na nilikula, na nililala, na asubuhi nilitia vifungo.

Wiki ya pili nilipika maharage, nikaenda uwanjani kujipanga na wanawake waliobeba vyungu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: hii ni kazi yangu, ni muziki, ni mambo ya kanisa, leteni daftari niwaimbie. Nilipofika mbele, askari aliyekaa mezani akaniuliza mimi ni nani wa huyo mtu.

“Fundi wake wa nguo,” nikasema.

“Basi sasa atatafuta fundi wa mifupa,” akasema, akacheka na kupokea chungu. Nyuma yangu mwanamke alinisukuma kwa kiwiko, foleni ilikuwa ndefu, nikapisha. Hivyo ndivyo ushujaa wangu ulivyokwisha.

Walimwachia mwaka uliofuata, wakati wa mvua, pamoja na wengine wengi. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, kwa hiyo chaki aliishika kwa kushoto na mistari yake mitano ikawa inapanda kilima. Alipanga kwaya upya: sauti za wanawake tulihamia kulia kwake, upande aliosikia. Besi walipokosea aligeuza kichwa chote, kama kuku anayetafuta punje, na hakuna aliyecheka. Madaftari hakuyarudisha, na hakuna aliyeuliza.

Nilikaa naye hivyo wiki tano. Kisha siku moja alasiri akaja barazani na suruali yake ya heshima, akitaka niipunguze kiuno. Nilimzungushia utepe wa kupimia. Zamani kiuno chake nilikijua kwa kichwa. Sasa utepe ulizidi kwa kiganja kizima. Nikiwa bado nimeushika nyuma yake, ambapo hakuweza kuniona uso, nilimwambia.

“Mwarimu, ile neno iko yangu.”

Nilikuwa upande wa sikio bovu. Ikanibidi nizunguke nirudie, na safari hii uso wangu ukiwa wazi.

“Najua,” akasema. “Mukono yako najua. Na kaki.” Kiswahili chake kilikuwa kimeongezeka. Alikipata kulekule.

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. Akanyamaza kidogo, nadhani alihesabu.

“Nikisema ni wewe, watakuleta. Lakini mimi hawataniacha. Mwana wanjye, ukiongeza sauti ya pili, ya kwanza hainyamazi.”

Nililia, sitaki kusema nilifanya nini kingine. Yeye alisubiri, suruali mkononi. Kisha, kwa ile tabia yake ya ualimu ambayo hata kipigo hakikuitoa, akauliza itegeko kwa Kiswahili husemwaje.

“Sheria,” nikasema, nikijifuta pua. “Ama kanuni.”

Tulitazamana.

“Canon,” akasema polepole. “Kanuni.”

Neno hilo lilikuwa kinywani mwangu tangu utoto. Mama alilisema kila alipokasirika, kwamba nyumba hii ina kanuni zake. Lilikuwa ni neno lilelile la watawa, sijui lilipita nchi gani mpaka likatufikia, likakaa kwenye Kiswahili likinisubiri. “Kanuni ya sauti nne.” Askari angelisoma angepiga miayo, angetupa daftari chini. Mimi nilikuwa nimelipita nikaenda kuokota mzinga, kwa sababu ulichekesha zaidi. Mwalimu alilirudia mara ya tatu, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekuta fedha kwenye koti la zamani, na furaha yake iliniumiza kuliko vidole vyake.

Akaniambia pia kwamba kwenye fugue sikukosea. Kweli jina lake ni kutoroka. Kwa hilo, alisema, napata alama.

Karibu miaka mitatu iliyofuata sina mengi ya kuisifia. Watu walivaa kofia za vyama, wakajiunga huku na kule. Mabomu ya mkono yalitupwa sokoni na vituo vya basi. Kwenye kwaya, besi wawili walikataa kusimama karibu na tenori fulani, na mke wa mmoja alitukataza kunywa maji kwenye kikombe kimoja. Kila mtu alikuwa na maneno yake na wote waliyasema kwa wakati mmoja, na nilikumbuka nilivyoicheka moteti. Tulibaki saba. Mwalimu aliendelea kuchora mistari inayopanda kilima.

Machi 1994 aliniambia niondoke. Alikuja mwenyewe barazani, akaongea na mama kwanza kwa heshima, halafu na mimi. Nina ndugu wa baba Bukavu, nisikae kungoja. Nilimwambia twende wote. Alisema mama mkwe wake yuko Kabuga, miguu imekufa, na mkewe hawezi kumwacha. Watakwenda kumchukua, watafute gari, watatufuata.

Siku ya kuachana niliwasindikiza mpaka njia panda ya Sonatubes, walipongojea gari la Kabuga. Walikuwa na furushi moja. Mke wake alinipa mkono. Tangu ile siku ya kigoda hakuwa amenipa.

“Nilijua iko yako,” akasema. “Nilikuja uniambie tu.”

Akainama kuliinua furushi. Gari lilikuwa linakuja. Mwalimu alinigeuzia sikio lake zima, labda alidhani nitasema kitu, kisha akasema yeye.

“Wewe ingia kwanza. Sisi tunakuja kisha vipimo vine.”

Sikumuuliza kama kipimo ni siku au wiki. Mimi na mama tulifika Bukavu. Siku nne zikapita, nikasema, basi ni wiki. Wiki ya nne ilitukuta Aprili, na Kigali mauaji yameanza. Tulikaa chumba cha binamu wa baba, redio mezani, na kila jioni nilikwenda mpakani, darajani, kutazama waliovuka. Mwanzoni walivuka. Baadaye hawakuvuka. Niliendelea kwenda, nikihesabu, kwa sababu alitufundisha kwamba kunyamaza nako kunahesabiwa.

Nilirudi Kigali Agosti. Ukumbi wa parokia haukuwa na mabenchi wala ubao, watu walivipikia. Kati ya wale ishirini na wawili nilimpata tenori mmoja, na yeye hakutaka kuzungumza juu ya kuimba. Kabuga, mwanamke aliyekuwa jirani yao alinionyesha nyumba ya mama mkwe. Walikuwa bado wanatafuta gari wauaji walipofika. Kikongwe hakuweza kutembea, binti yake hakumwacha, na Mwalimu hakumwacha mkewe. Jirani alisema kwa upole kwamba Mwalimu alipigwa kutoka upande wa kushoto, kwa hiyo pengine hakusikia.

Cherehani niliipata, imevunjwa gurudumu, nikaitengeneza. Kaki sijashona tena, na wateja wananishangaa. Ninalo daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimeandika: “Kanuni ya sauti nne.” Mwandiko ni mzuri. Haumsaidii mtu yeyote.

Kuna wakati watu wa nyumbani huniambia kwamba habari hii wameshaisikia, kwamba ninaanza palepale kila mara na wao wanajua inakokwenda. Siwalaumu. Lakini mimi ndiye niliyeingia kwanza, na wa pili hajaingia, na sheria aliiweka yeye: usinyamaze, usigeuke kutazama, rudia mwanzo.

Neno lenyewe niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, nikicheka.